Ladha ya Mvinyo Iko Wapi?
Mtu anayeacha kukusanya stempu na kuanza kujifunza kuonja mvinyo habadili burudani tu. Stempu huhesabika, ladha haihesabiki. Je, ladha imo ndani ya mvinyo, au kinywani mwa mwonjaji?

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alilijadili swali hili mwaka 1757 kwa kisa alichokitoa katika riwaya ya Don Quixote. Jamaa wawili wa Sancho, mhusika wa riwaya hiyo, waliombwa kuonja mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza aliusifu, ila akasema una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili naye aliusifu, lakini akahisi chuma. Watu wakawacheka. Pipa lilipokwisha kumwagwa, ndani yake, chini kabisa, ulionekana ufunguo wa zamani wenye kamba ya ngozi. Kwa Hume, ulimi wa namna hiyo hunolewa kwa mazoezi na kwa kulinganisha, tena kwa muda mrefu.

Immanuel Kant, naye mwanafalsafa, alishika njia nyingine mwaka 1790: utamu wa mvinyo wa Visiwa vya Kanari ni wa anayeunywa, wala hawezi kumdai mwenzake aukubali. Kuhusu kupenda, hoja hiyo ina nguvu kweli. Kuhusu kutambua, haitoshi: ufunguo ulikuwamo pipani.