Weka Mtungi Chini, Mwanangu

Vuta hiyo ndoo ukae, mwanangu, na huo mtungi wa gesi uweke chini kwanza. Asubuhi nimekuona: umefunga geji, mshale wa upande wa bluu ukasoma chini, papo hapo ukasema gesi imepungua. Uliangalia saa? Mashine ya barafu si friji ya soda. Ikianza kugandisha, presha ya chini huwa juu kidogo, kisha hushuka taratibu kadiri barafu inavyonenepa. Wakati wa kuangusha barafu hupanda ghafla, kwa sababu gesi ya moto imepelekwa kwenye sahani ya kugandishia. Wewe ulisoma dakika ya ngapi?

Presha ya juu ikipanda mpaka swichi ya usalama ikakata, usiilaumu swichi. Mulika kondensa kwa tochi. Kwenye majiko ya hoteli, unga na mvuke wa mafuta hushikana kati ya vile vibati vyembamba hadi mwanga haupenyi. Safisha, kisha itazame feni. Kwenye mashine nyingi za R-404A zinazopozwa kwa hewa, feni ina swichi yake ya presha: huwaka karibu na psi 250, huzima karibu na 200, ila fuata maelekezo ya mashine yenyewe. Presha imevuka hapo na feni imetulia? Pima umeme kwenye mota. Ukifika, mota ndiyo mbovu. Usipofika, rudi kwenye swichi na waya zake.

Swichi hiyo ikinata, feni ikazunguka muda wote, hapa Dar huenda usijue. Njombe, usiku wa Julai, presha itashuka mno, gesi ikose joto la kuibandua barafu. Wengi hapo huongeza gesi.

Na hili nimelisema mpaka nimechoka: swichi ya usalama haiungwi moja kwa moja. Kwenye duka moja la samaki niliikuta imerukwa kwa kipande cha waya mwekundu. Kompresa imeungua, mafuta yake meusi tii, na mwenye duka anatupa samaki.

Gesi ikibidi, ziba kwanza panapovuja, vuta hewa kwa pampu, kisha pima kwa mizani uzito ulioandikwa kwenye kibao. Haya, sikia, barafu imeanguka. Mzunguko mpya unaanza. Shika kalamu, uandike presha zote mbili kila dakika 3 mpaka ianguke tena.