Muovu Apendwapo

Je, kuna ubaya gani kununua sanamu ya muovu wa hadithi, naye hakuzaliwa wala hakuua mtu? Wengi hujibu upesi kuwa hapana ubaya. Sisi hatuoni kuwa jawabu ni jepesi hivyo.

Tangu mwaka 1940, vitabu vya picha vya Batman huko Marekani vina adui aitwaye Joker, mwenye uso mweupe, auaye huku akicheka. Mwaka 1988 hadithi ilifika pale Joker alipompiga vibaya Robin, kijana msaidizi wa Batman. Wenye vitabu wakatoa nambari mbili za simu, kila simu kwa senti 50, wasomaji waamue: aishi au afe? Simu za kutaka aishi zilikuwa 5,271. Za kutaka afe, 5,343. Tofauti ni 72 tu! Kijana akafa.

Ni nani basi aliyemwua? Joker ni wino. Waliopiga simu ni watu, tena walilipa. Hatuwaiti wauaji, kwani haikumwagika damu. Walakini waliulizwa wapendalo, wakalisema.

Leo sanamu za Joker zauzwa ghali, na vitabu vyake vipya hungojwa kwa hamu. Awekaye sanamu hiyo nyumbani kwa kustaajabia ufundi wa mchongaji, hatumlaumu. Ama yule afurahiwaye na kile kicheko, twamuuliza: lau simu ile ingalikuwa mkononi mwako, ungalipiga nambari ipi?