Injini Ikizima Jangwani

Januari 2019, Mmarekani Ricky Brabec alikuwa akiongoza mashindano ya pikipiki ya Dakar Rally huko Peru. Mashindano yalikuwa na hatua kumi. Katika hatua ya nane injini ikamfia, na safari yake ikaishia hapo hapo mchangani. Mwaka mmoja baadaye, kwenye majangwa ya Saudi Arabia, alimaliza wa kwanza. Hakuna Mmarekani aliyewahi kushinda Dakar kabla yake, na ushindi wake ulikatisha mfululizo wa pikipiki za kampuni ya KTM, zilizokuwa zimeshinda mara 18 mfululizo.

Hata hivyo, wanaonigusa zaidi ni wale wanaoshindana bila fundi. Kila mmoja ana sanduku moja la vifaa. Jioni, akiwa amechoka hoi, anabadilisha oili na matairi mwenyewe kwa mwanga wa taa ya kichwani, kisha analala kwenye hema. Akianguka njiani, anainua peke yake pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo 130. Anakagua usukani, wenzo wa klachi, mpira wa mafuta. Kilichopinda anakinyoosha, kilicholegea anakifunga kwa waya, anawasha.

Wewe ambaye jambo lako limekwama katikati ya mwaka, acha kwanza kuwahesabu waliokupita. Kagua leo kilichovunjika, na kile ambacho bado kinafanya kazi.

Brabec naye hakuishia kwenye ushindi wa Saudi Arabia. Mwaka 2024 alishinda Dakar kwa mara ya pili.