Sinema ya ukutani na jasho la mtu

MWAKA jana nilinunua projekta ndogo ya mtumba hapa Kyela mjini. Filamu zangu, zaidi ya mia mbili, zimo kwenye kompyuta; rauta inazirusha hewani hadi kwenye projekta, na picha inatua kwenye ukuta wa sebule. Wengi hudhani jambo hili linakula bando. Haliligusi, kwa sababu filamu haitoki kwenye intaneti, inatoka chumba cha pili tu. Basi kila Jumamosi baada ya Isha watoto wa majirani, Waislamu kwa Wakristo, wakawa wanajaa mkekani. Nikajiona nimefanya kheri: bora watazame kwangu filamu nilizozichuja kuliko kwenda kwenye mabanda ya video.

Siku moja nilikuwa nafundisha kidato cha pili mada ya chumo la halali. Kijana mmoja, mgeni wangu wa kila Jumamosi, akanyoosha mkono: "Samahani ustadhi, zile filamu ulinunua kwa nani?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana jibu nilikuwa nalo. Nilizijaza kibandani, shilingi mia tano kwa filamu, na aliyezitengeneza hakupata hata senti. Nikamwambia nitamjibu wiki ijayo.

Ndugu msomaji, wiki ile nilijitafutia kila udhuru. Wa kwanza: ukiiba kuku, mwenyewe hana kuku tena, ukinakili filamu, mwenyewe bado anayo. Wizi uko wapi?

Lakini sisi watu wa Kyela tuna kilio chetu cha miaka mingi. Wapo wafanyabiashara wanaotia mchele wa kwingineko kwenye mifuko na kuuita mchele wa Kyela. Hakuna punje iliyotoka kwenye ghala la mkulima wa Ipinda, mchele wake bado anao. Hata hivyo tunasema kaibiwa, na tunasema kweli, maana sifa ile imetokana na jasho lake na faida anaila mwingine. Iweje jina la mchele wetu liwe mali, na kazi ya mtengeneza filamu isiwe mali?

Udhuru wa pili: wenyewe ni matajiri wa Marekani. Suratul Maida, aya ya 8, inatutaka tuwe waadilifu hata kwa watu tunaowachukia, sembuse tajiri ambaye hajatukosea? Tena nyingi katika zile filamu zilikuwa za Watanzania wenzetu, wanaohangaikia kodi ya nyumba kama sisi.

Wa tatu: haya ni mambo mapya, dini haikuyagusa. Si kweli. Baraza la Fiqhi la OIC, katika kikao chake cha Kuwait cha Disemba 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia. Sheria ya Hakimiliki ya nchi yetu ya mwaka 1999 nayo inazilinda.

Wa nne ndio mgumu. Mtu wa huku, asiye na duka la filamu halali karibu wala uwezo wa kulipia bando kila siku, afanyeje? Hapa namwonea huruma, maana ndiye mimi. Lakini dharura humhalalishia mwenye njaa kuu kula mzoga. Mimi kukosa sinema ya Jumamosi hakuniui.

Nilizifuta. Jumamosi iliyofuata niliwaonyesha watoto picha nilizopiga mwenyewe Matema, mitumbwi na wavuvi wa ziwani. Watatu waliinuka mapema, wakaenda banda la video. Hilo linaniuma hadi leo, maana ni wao niliotaka kuwalinda. Lakini ningewalindaje kwa mali ya mtu?

Darasani nilimjibu yule kijana mbele ya wenzake: "Sikuzinunua. Nilizichukua bila haki, nami nimetubu." Safari hii hakuna aliyecheka.

Wallahu a'alam. Wenye elimu zaidi wanisahihishe.