Kuhesabu si Kupima

Jioni moja tulikuwa tukiwasomea wazee gazeti barazani, kama ilivyo desturi yetu. Katika gazeti lile mlikuwamo habari za profesa mmoja wa ng'ambo, mchunguzi wa ugonjwa wa kansa, na mwandishi alimsifu kwa hesabu: ameandika makala mamia kadhaa, na wataalamu wenzake wamezitaja mara maelfu. Tulipokwisha kusoma, mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza kimya akauliza, "Mwalimu, na wagonjwa aliowaponya ni wangapi?" Hatukuwa na jibu, maana gazeti halikusema. Watu wakacheka, baraza ikavunjika. Lakini swali lile tulilala nalo.

Basi leo twapenda kulitazama pamoja nanyi, wasomaji wetu. Kazi ya mtu mwenye elimu yapimwa kwa kitu gani? Kwa wingi wa watu wamtajao, au kwa wingi wa watu aliowafaa?

Kwanza yatupasa kuieleza desturi yenyewe. Mtaalamu akigundua jambo huliandika katika gazeti la wataalamu, ili wengine walijue na kulijaribu. Na kama ametumia maarifa ya mwenzake, hana budi kumtaja, aseme: jambo hili nimelipata kwa fulani, katika makala yake ya mwaka fulani. Desturi hii ni njema. Ni kama msafiri aliyekaribishwa chakula njiani, ambaye akifika kwao humtaja kwa jina yule aliyempa. Kutaja ni kushukuru, na asiyetaja ni mwizi.

Mwaka wa 1955 Mmarekani mmoja, Eugene Garfield, alitoa shauri kwamba majina hayo yakusanywe katika faharasa, na mwaka wa 1964 faharasa hiyo ikaanza kupigwa chapa. Kusudi lake lilikuwa kumsaidia mtafutaji: akiwa na makala ya zamani mkononi, apate kujua ni akina nani waliokuja nyuma wakaitumia, au wakaikosoa. Lakini penye majina huja hesabu. Mwaka wa 2005 mtaalamu wa fizikia aitwaye Hirsch, wa California, alitunga kanuni ya kumpa kila mtaalamu namba yake. Mtu akiwa na makala 20 ambazo kila moja imetajwa mara 20 au zaidi, namba yake ni 20. Akiwa na 50 zilizotajwa mara 50 kila moja, namba yake ni 50. Siku hizi katika vyuo vingi namba hiyo hutazamwa mtu aombapo kazi, au cheo, au fedha za uchunguzi. Hivyo shukrani imegeuzwa kuwa mizani.

Je, mizani hii ni ya haki? Na tuijaribu kwa mtu mmoja ambaye kazi yake ilifanyika karibu nasi, huko Uganda.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka wa 1911 katika Ireland. Alipokuwa mtoto alipoteza jicho moja kwa ajali, walakini alijifunza upasuaji, na mwaka wa 1946 akaja Uganda kuwa daktari wa serikali, kwanza Lira, kisha Mulago katika Kampala. Mwaka wa 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakupata kuona uvimbe wa namna ile. Baada ya majuma machache, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Mtu mvivu angalisema, "Ajabu hii," akaenda zake. Yeye alirudi Mulago akaanza kufukua daftari za wagonjwa, akaona kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wengi. Mwaka wa 1958 akaandika makala katika gazeti la wapasuaji la Uingereza.

Ikawaje? Makala ile haikuwashtua wengi. Kama wakuu wangalimweka Burkitt katika mizani ya kutajwa mwaka wa 1959, wangalimwona kuwa mtu mwepesi, daktari wa mbali aliyeandika habari za maradhi ya mbali.

Lakini hapa yatupasa kuwa waaminifu, maana mizani ya mzee wetu nayo ingalimtupa. Kama angaliulizwa mwaka uleule, "Umewaponya wangapi?" angaliinamisha kichwa. Uvimbe ule ulikua upesi mno, na kisu hakikuufaa kitu. Watoto walikufa mikononi mwake. Wala hata jina la ugonjwa hakulipata sawasawa: wenzake wa Kampala, O'Conor na Davies, ndio walioonyesha kwa hadubini kwamba ilikuwa kansa ya chembe za limfu. Basi kwa hesabu ya kutajwa hakuwa kitu, na kwa hesabu ya kuponya hakuwa kitu. Hata hivyo kazi yake ilikuwa ya kweli, kama mbegu iliyo chini ya udongo.

Tazameni jinsi ilivyoota. Burkitt alipeleka karatasi zenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni katika Afrika, akiuliza, "Je, mmeuona uvimbe huu?" Majibu aliyatia katika ramani. Kisha mwaka wa 1961, pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kuukuu mwendo wa maili 10,000 hivi, kutoka Kampala mpaka kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona kwamba ugonjwa hupatikana penye joto na mvua, wala hauonekani katika nchi za juu zenye baridi. Mipaka yake yakaribia mipaka ya malaria.

Mwaka uleule wa 1961 alikuwa ametoa hotuba London, na kijana mmoja mchunguzi, Anthony Epstein, akasikiliza. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala mpaka London, naye akatafuta kirusi ndani yake muda mrefu asikione. Mwezi wa Desemba 1963 ndege ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester. Kipande kilipofika London kimekawia, na maji yake yamechafuka. Wengi wangalikimwaga. Epstein aliyatazama maji yale, akaona chembe za kansa zikielea zingali hai. Zikaoteshwa, na mwaka wa 1964 kirusi kikaonekana. Kikajulikana kuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na kansa ya wanadamu. Katika miaka hiyo Burkitt na wenzake walijaribu dawa mpya, na uvimbe wa baadhi ya watoto ukayeyuka kwa siku chache, nao wakapona kabisa. Mwaka wa 1967 pakaanzishwa Mulago mahali pa kuutibu ugonjwa huo, ambapo leo ni Taasisi ya Kansa ya Uganda. Jina la Burkitt likapewa ugonjwa wenyewe, na makala ile iliyopuuzwa ikatajwa na wengi, hata baada ya yeye kufa mwaka wa 1993.

Hata sasa hesabu ile haikutimia. Makala ya mwaka wa 1964 iliandikwa na watu watatu: Epstein, Bert Achong wa kisiwa cha Trinidad, na Yvonne Barr. Lakini kirusi chaitwa kirusi cha Epstein na Barr. Jina la Achong limeachwa. Nao madaktari wa vijijini waliozijibu barua, na wauguzi waliowapakata watoto, wametajwa wapi? Na mama aliyekubali mwanawe akatwe kipande cha uvimbe kipelekwe London, ambaye yamkini alimzika kabla jibu halijarudi, huyo yumo katika faharasa gani? Deni la elimu ni refu kuliko karatasi iliyoandikiwa.

Na kama mizani ile humwacha anayestahili, humwinua pia asiyestahili. Mwaka wa 2006 wachunguzi wa chuo kikuu cha Duke, katika Marekani, walitoa makala iliyosema wameona njia ya kujua mapema dawa itakayomfaa kila mgonjwa wa kansa. Gazeti lilikuwa kubwa, watu wakashangilia, makala ikatajwa na wengi. Hata wagonjwa wakapangiwa dawa kwa kufuata njia hiyo. Wataalamu wawili wa takwimu huko Houston, Baggerly na Coombes, waliirudia hesabu kwa uvumilivu, wakaona haisimami, nao mwaka wa 2009 wakaonya waziwazi. Mwaka wa 2010 majaribio yakakomeshwa, na mwaka wa 2011 makala ikafutwa. Kumbe wengi walikuwa wamelitaja jambo lisilo kweli, na kutajwa kwake hakukulifanya kuwa kweli.

Wazee walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakusema kwamba mgema ni mtu mbaya tangu mwanzo. Walisema kwamba sifa ina nguvu ya kumgeuza. Mtu akijua kwamba atapimwa kwa wingi wa makala, makala moja huikata vipande vitatu, akijua kwamba atapimwa kwa kutajwa, humwambia rafiki yake, "Nitaje, nami nitakutaja." Tembo lajaa kibuyu, lakini halina ladha.

Wala tusiwacheke wataalamu wa ng'ambo. Zamani, katika shule moja, sisi waalimu tulipimwa kwa hesabu ya watoto waliofaulu mtihani. Tukaijua hila yake. Mtoto mzito tulimwambia akae mwaka mmoja tena, asije akatushusha. Mmoja wao, mtoto wa mjane, aliambiwa hivyo mara mbili; mara ya tatu hakuja tena shuleni. Mwaka ule hesabu yetu ilipanda, tukasifiwa. Jina lake halimo katika hesabu ile, na hakuna mkaguzi aliyetuuliza habari zake. Sisi twalijua jina lake.

Je, basi, tuseme hesabu zitupwe? La. Hesabu ni mtumishi mwema. Mwenye kutafuta njia huifuata alama, naye aionaye makala iliyotajwa na watu elfu ana sababu ya kuisoma. Kosa huanza pale alama inapotosha, mtu akaacha kusoma. Mwezi wa Desemba 2012 wataalamu waliokutana San Francisco walikubaliana kwamba mtu apimwe kwa kazi yenyewe, si kwa sifa ya gazeti lililoichapa, na wengine wengi duniani wakatia sahihi. Hilo ni neno la busara, ila lina gharama: kuhesabu ni kazi ya saa moja, na kuisoma kazi ya mtu ni kazi ya siku nyingi.

Sasa twarudi kwa mzee wetu. Baba, swali lako lilikuwa jema, maana lilitukumbusha kwamba nyuma ya kila makala ya kansa yuko mtu kitandani. Lakini jibu lake halipatikani upesi, maana mwenye kupanda si lazima awe ndiye avunaye. Ukitaka kumpima mchunguzi, uliza hivi: Aliyoyaandika, aliyaona kweli? Alipokosolewa, alikubali? Aliowatumia, aliwashukuru? Na mwingine akiyachukua maneno yake gizani, yatamwonyesha njia au yatamtumbukiza shimoni? Mtu aliyejibu vema maswali hayo amefanya kazi njema, hata kama leo hatajwi na yeyote, na mgonjwa atakayepona kwa ajili yake hajazaliwa bado.

Nasi waalimu tutajiuliza maswali hayohayo kabla ya kuipeleka hesabu ya mwaka huu.