Vigae vya Mekoni
Neno: Kumbukumbu la Torati 6:6–9



Sisi tukaao Karatu, na ndugu zetu walio juu Ngorongoro, twaijua thamani ya moto. Mwezi wa Juni na wa Julai ukungu hushuka kutoka msituni, na jioni kila mtu huyatafuta mafiga. Basi sikilizeni habari ya meko ya ugenini.

Huko Uholanzi, katika karne ya 17, mafundi wa Delft na wa miji mingine walifanya vigae vya udongo, vya mraba, kila upande kama sentimita 13. Walivipaka ute mweupe wenye bati, wakavichora kwa rangi ya buluu. Watu wakavibandika kuzunguka meko yaliyojengwa ukutani, kwa kuwa haviungui, na masizi yake hufutika. Vingine vilipangwa pamoja vikawa picha moja kubwa. Na vingi vilichorwa habari za Biblia, kama Yona na samaki, au Mwana mpotevu. Vingine hata viliandikwa sura na aya.

Mwaka wa 1702 alizaliwa London mtoto aitwaye Philip Doddridge, wa 20 kwa mamaye, nao waliosalia walikuwa wawili tu. Mama huyo alikuwa binti wa mchungaji wa Kilutheri aliyekimbia mateso ya Bohemia, akiichukua Biblia ya Luther. Mwanawe alipokuwa hajajua kusoma, alimketisha mbele ya meko yenye vigae vya Kiholanzi, akimwonyesha kimoja kimoja na kumsimulia. Kisha mama akafa, mtoto angali mdogo. Walakini mtoto yule akawa mchungaji na mwalimu wa wachungaji. Na kitabu chake cha mwaka 1745 kikamgusa William Wilberforce, aliyepigania sheria ya Uingereza ya 1807 ya kukataza biashara ya watumwa.

Rangi ile ya vigae, ichorwapo, si buluu. Ni nyeusi-nyeusi kama majivu. Tena ute mkavu huinywa mara moja, hata fundi hawezi kufuta. Buluu haionekani mpaka kigae kitoke tanuruni. Mama yule aliona majivu tu.

Nasi je? Meko tunayo, lakini kila mtu hutazama simu yake, na mtoto huondoka motoni hana neno. Twasema, "Atafundishwa kwenye kipaimara." Hata mchungaji aweza kuhubiri mara tatu Jumapili moja, na watoto wake mwenyewe wakalala bila kusikia neno. Wala asiseme mtu, "Sina vigae." Udongo uliochorwa haukunena, aliyenena ni mama. (Na akina baba msijifiche hapa: Musa hakuwaagiza wanawake peke yao.) Kipande cha mkaa na ubao wa mlango vyatosha kumchora samaki.

Leo jioni, ugali ukiisha kuliwa, msiondoe kuni upesi. Anzeni na Yona; watoto humpenda kwa ajili ya samaki yule.