Bei ya Pistoni na Bei ya Mkono

Tangu nianze kuifufua pikapu yangu, hakuna mtu aliyeniuliza kwa nini nilikubali bei ya pistoni. Risiti ya duka ilikaa mezani sebuleni siku kadhaa. Wageni waliisoma, wakaguna kwamba spea siku hizi ni moto, wakaendelea na chai yao. Bei ya fundi ndiyo iliyozua mjadala. Jioni niliyomlipa, jirani yangu alikuwa amesimama langoni, na fundi alipopinda kona tu akanisogelea kwa huruma ya mtu anayemwona mwenzake ametapeliwa mchana kweupe.

"Mwalimu, zote hizo? Kwa kufungua na kufunga tu?"

Nimekuwa nikiyatafuna maneno hayo tangu siku hiyo. Nadhani yanaeleza, kuliko hotuba nyingi za ajira kwa vijana, jinsi tunavyouona mkono wa mtu katika nchi hii. Kitu kilichotoka kwenye boksi kina bei. Kazi ya kukifanya kitu hicho kifae ina maelewano.

Pikapu yenyewe ni Peugeot 504 ya petroli. Rika langu halihitaji kuelezwa. Vijana nitawaeleza kwa ufupi. Gari la 504 lilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likatangazwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Pikapu ilifuata miaka kumi hivi baadaye. Kwetu haikuwa mgeni: magari haya yaliunganishwa papa hapa Mombasa, katika kiwanda cha AVA, na jina lilikuwa limeshavuma kwa Safari Rally. Kaka yake mkubwa, 404, alishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili kati ya hizo akiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania. Kisha 504 ikashinda mwaka 1975 mikononi mwa Msweden Ove Andersson. Sisi tulikuwa watoto wa kusimama kando ya barabara siku za Pasaka, tukila vumbi kwa furaha.

Baada ya sifa ikaja kazi. Yale ya mkia mrefu yalibeba abiria baina ya miji, na pikapu zikabeba kila kitu kilichobaki: mbuzi, saruji, vyombo vya maharusi, majeneza. Yangu ilishusha kabeji kutoka milima ya Taita hadi soko la Kongowea, mpaka mwenyewe alipozeeka akaiegesha shambani na kuku wakahamia chini yake. Nilipoinunua, mke wangu aliizunguka mara moja tu, akauliza kama kuku wamo katika bei.

Gereji yangu iko nyuma ya nyumba, Kisauni. Ni kuta tatu na paa la mabati, na pikapu ikiwa ndani huwezi kufungua milango yote miwili. Ili kuinua injini ilibidi tuisukume pikapu nje nusu na kufunga cheni bloku kwenye tawi la mwembe. Mbali na jeki, seti ya spana na taa ya waya mrefu, sina mtambo wa maana. Kazi nyepesi nafanya mwenyewe, za kukwangua, kuosha na kupaka, na zile nzito fundi huja Jumamosi, akifuatana na kijana wake wa kumshikia taa.

Mwanzo wa yote ni kutu. Kutu inahitaji maji na hewa, basi. Chumvi ya bahari inaikimbiza, kwa sababu huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, na chuma kinapoliwa huwa ni kazi ya umeme mdogo usioonekana. Huanzia ndani. Hukaa kwenye kingo za chini za milango, ambako vitundu vya kutolea maji vimezibwa na matope, ndani ya mihimili ya bodi iliyo wazi katikati, na chini ya mpira wa kioo cha mbele. Ukiona kipele cha rangi kimevimba kwa nje, jua kwamba kwa ndani karamu ilishaisha zamani.

Ziko njia mbili za kuitibu. Fundi mmoja wa bodi, si huyu wangu, alinipa bei ya kupendeza: akwangue juu juu, ajaze puti, apulize rangi, na wiki moja baadaye gari ling'ae kama la bwana harusi. Puti hunywa maji. Kutu iliyofunikwa chini yake hustarehe na kuendelea na shughuli zake, na baada ya masika moja au mbili puti hubanduka vipande vizima.

Njia ya pili ni kukata bati lote bovu mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, ukate kiraka cha unene uleule, ukichomelee kwa nukta fupi fupi, mara huku mara kule, ili joto lisilikunje bati. Halafu unasaga maungio, unapaka praima na kuziba mishono. Puti inakuja mwishoni kabisa, nyembamba kama ukucha, kisha msasa wa maji, kuanzia mkali kuelekea laini. Hata baada ya rangi hujamaliza, maana lazima upulize mafuta mazito ndani ya ile mihimili ambayo hakuna atakayeitazama tena. Karibu kazi yote hiyo haionekani. Mteja akija kuchukua gari, njia ya kwanza na ya pili zinafanana, tena ya kwanza huenda ikang'aa zaidi.

Hapa niwakatize kidogo wanaopenda kusema kwamba magari ya zamani yalikuwa chuma hasa. Mabati mengi ya miaka ile hayakuwa na kinga ya zinki iliyokuja kuenea baadaye, na kutu ilikuwa ndio ugonjwa wao. Pikapu yangu haina mfuko wa hewa wa kumkinga dereva, inakunywa petroli bila haya, na breki zake zilikuwa kitu cha kwanza tulichokibomoa na kukijenga upya kabla ya mtu kutaja rangi. Siitumii kuhubiri kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Ninachokipenda kwake ni kwamba walioiunda walikubali kwamba siku moja itafunguliwa.

Tazama injini. Pistoni zake hazipandi na kushuka ndani ya bloku moja kwa moja. Kila moja ina slivu yake, pipa la chuma lililosimama ndani ya bloku huku maji ya kupoza yakilizunguka. Likichakaa unalichomoa na kuweka jipya pamoja na pistoni yake, bila kuipeleka bloku kuchongwa. Ni mpango wa kiungwana kwa nchi zenye barabara ndefu na karakana chache. Lakini slivu hizo zimekalia sili nyembamba chini, na kinachozikandamiza zisiinuke ni hedi ya silinda peke yake. Tulipoitoa hedi, nilinyoosha mkono kuzungusha krenki ili nione pistoni ya pili.

"Asiguse mtu hapo!" fundi akasema, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe niliitumia miaka mingi darasani.

Akachukua bolti na vipande vya bati, akazibana slivu zote nne, ndipo akanieleza. Ukizungusha kabla ya kuzibana, pistoni huinua slivu kidogo tu, unene wa karatasi, na sili ya chini huharibika. Hutajua. Utafunga injini, itawaka, utasherehekea. Baadaye maji yatashuka kwenye oili na utaanza kulaumu duka lililokuuzia gasketi. Alipoweka slivu mpya alipitisha rula ya chuma juu ya kila moja, kwa sababu mdomo wa slivu hutakiwa kuzidi uso wa bloku kwa kiasi kidogo mno. Alipima, akatoa moja, akabadilisha sili, akapima tena. Asubuhi nzima iliisha hivyo. Ndiyo hiyo iliyoitwa kufungua na kufunga tu.

Ajabu ni kwamba sisi watu wa pwani tulikuwa na elimu hii muda mrefu. Jahazi lilipandishwa mchangani msimu hadi msimu, mishono ikatiwa pamba kwa kalafati, mbao za juu zikapakwa sifa, na za chini zikadeheniwa kwa shahamu na chokaa. Sijapata kusikia nahodha akiita siku hizo hasara, wala fundi wa kalafati akiambiwa amepiga nyundo tu. Kila mmoja alijua kinachowatenganisha na bahari. Gari lina bahati mbaya kwamba likiharibika husimama kando ya barabara, halizami.

Nitasema na upande wa pili, maana wasomaji wangu si wageni wa gereji. Wapo mafundi wanaokuuzia spea kuukuu iliyooshwa kwa petroli, wapo wanaochomoa kizima na kurudisha kibovu, na neno "kesho" lina mengi ya kujibu. Lakini kuna hesabu moja ambayo hatupendi kuifanya. Fundi anajua kwamba ukitajiwa ujira wa saa sita utaukata nusu, na ukitajiwa bei ya pampu ya maji utalipa. Basi ujira wake anauhamishia kwenye pampu. Anakwenda dukani yeye, anarudi na bei iliyonenepa, na wewe unalipa ukijiona mjanja kwa sababu ufundi umekugharimu kidogo. Tumewafundisha wenyewe kuificha kazi yao ndani ya boksi la spea, kisha tunawaita wezi. Nilipomwambia fundi wangu kwamba spea nitanunua mimi na saa zake nitazilipa kama alivyozitaja, alinitazama kwanza kama mtu anayenusa mtego.

Maneno mazuri juu ya mafundi wa jua kali hayajapungua. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya Kenya iliyoifanya dunia iizungumzie sekta isiyo rasmi. Mwaka 1992 serikali yetu ikatoa waraka wa sera wenye jina la jua kali juu ya jalada. Leo fundi aliyejifunza chini ya mti anaweza kufanya mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, na kupewa daraja lake. Na sheria inayozuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 8 inamaanisha kwamba gari kuukuu lililomo nchini litatunzwa na mafundi wa humu humu au halitatunzwa kabisa. Karatasi zipo. Kinachoadimika ni mteja anayetoa pesa bila kununa.

Mwana wa fundi wangu hataki ufundi. Anaendesha bodaboda, na baba yake hamlaumu. "Yeye akishusha mtu analipwa hapo hapo," aliniambia akifuta mikono. "Mimi nashusha injini, naambiwa nipite mwisho wa mwezi." Anayemshikia taa ni mtoto wa watu, kijana mpole ambaye siku hizi hunyoosha spana namba 13 kabla hajaombwa. Ule mkasa wa slivu ameushika, nilimsikia akimweleza mwenzake kwa ishara za mikono. Malipo yake hadi sasa ni chakula cha mchana na nauli.

Pikapu inatembea. Imepita ukaguzi, ambao gari la biashara hulazimika kuurudia kila mwaka, na mlango wa kushoto bado una rangi ya praima. Jirani yangu ameshaiazima kubebea tangi la maji, akairudisha akiisifu injini kwamba haina hata kelele.

Ukipeleka gari gereji wiki hii, muulize fundi kazi itamchukua saa ngapi na kila saa ni kiasi gani, mpatane kabla hajashika spana. Spea nenda ukanunue mwenyewe, au mfuatane. Akimaliza, mlipe yote siku hiyo hiyo. Na kama yupo kijana anayeshika taa, mpe chake mkononi mwake.